Mkono wa Baba Mdogo Ying

Katika masoko ya Guangzhou, mchele wa kunata huuzwa kandokando ya mchele wa kawaida. Chota gao la kila mmoja, usogeze penye mwanga, na tofauti utaiona papo hapo. Punje ya mchele wa kawaida inapitisha mwanga kidogo, kama kucha. Ya mchele wa kunata ni nyeupe pee, kama chaki. Wapishi wa mji huu huuchanganya na kuku, wakaufunga kwa jani la yungiyungi na kuupika kwa mvuke, na harufu yake ikakupokea asubuhi mlangoni mwa mkahawa. Mimi mchele huu niliujua kabla sijaujua mji wenyewe. Niliujua utotoni Dar es Salaam, kwenye kibanda cha video, kama dawa ya kuondoa sumu ya maiti.

Filamu iliyonifundisha hayo ni Mr. Vampire, iliyotengenezwa Hong Kong mwaka 1985, ikaongozwa na Ricky Lau na kutayarishwa na Sammo Hung. Kwa Kikantoni inaitwa Geongsi Sinsaang: geong ni kukakamaa, si ni maiti, na sinsaang ni bwana. Sisi ilitufikia kwa kanda ya VHS, nakala ya nakala, picha imejaa chenga, huku mtu mmoja mwenye kipaza sauti akitusimulia kwa Kiswahili juu ya maneno ya Wachina, kazi ambayo Lufufu aliifanya sanaa ya kujulikana nchi nzima. Tulicheka hadi machozi. Usiku tulilala tumebana pumzi, maana maiti wale hawakuwindi kwa macho. Wanakufuata kwa pumzi yako.

Huku kwetu mtu angesema hao ni misukule. Lakini msukule, kama tunavyosimuliwa, ni mtu aliyeibwa na mchawi ili akalime shamba usiku. Geongsi wana asili nyingine. Masimulizi ya Xiangxi, magharibi mwa mkoa wa Hunan, yanasema kwamba mtu akifia mbali na ndugu wakakosa njia ya kumsafirisha, aliitwa kuhani wa Utao aiwezeshe maiti kwenda kwao yenyewe. Kuhani alitangulia usiku akipiga kengele ili walio hai wapishe njia. Viungo vimeshakauka, ndiyo maana maiti wanaruka badala ya kutembea. Kwenye paji la uso wamebandikwa karatasi ya manjano yenye maandishi ya kuwatuliza. Ikidondoka, kazi imeharibika. Sisi tunaoishi ugenini hadithi hiyo inatugusa pabaya. Hakuna jumuiya ya Waafrika Mashariki ughaibuni isiyojua maana ya kuchangishana ili marehemu arudishwe akazikwe kwao.

Kuhani wa filamu hii ni Lam Ching-ying. Anaitwa Kau Suk, na hapa Kiswahili kinatusaidia, kwa kuwa suk ni mdogo wa baba. Kau Suk ni Baba Mdogo wa Tisa. Hata nje ya filamu, watazamaji wa Kichina humwita Lam mwenyewe Ying Suk, Baba Mdogo Ying, jina la heshima na mapenzi kwa mtu ambaye wengi wao hawakuwahi kumwona ana kwa ana. Alizaliwa mwaka 1952, akalelewa katika shule ya opera ya Peking huko Hong Kong, kisha akaingia kwenye filamu kama mtu wa michezo ya hatari na msaidizi wa Bruce Lee. Mwaka 1981, katika The Prodigal Son, aliigiza mwanaume anayecheza nafasi za kike kwenye kundi la opera, ambaye pia ni bingwa wa kung fu ya Wing Chun. Miaka minne baadaye alivaa joho la manjano, akabandikwa nyusi nzito zilizoungana, na akapata nafasi iliyombeba hadi mwisho wa maisha yake.

Ukitaka kuelewa ujuzi wake unatoka wapi, nenda barabara ya Enning, katika wilaya ya Liwan hapa Guangzhou. Opera ya huku ni ya Kikantoni, na ina nyimbo na lugha yake tofauti na ile ya Peking aliyosomea Lam, lakini nidhamu ya mwili ni ya ukoo mmoja. Kwenye barabara hiyo lipo jumba la Bahe, chama cha waigizaji wa opera. Ipo pia nyumba ya baba yake Bruce Lee, Lee Hoi-chuen, aliyekuwa nyota wa opera hiyo. Tangu mwaka 2016 pana jumba la makumbusho ya sanaa hiyo, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2009. Mtazame mwigizaji wa opera anavyoinua mkono. Kiwiko, kifundo, vidole na macho vinafika pamoja, kisha vinatulia kidogo ili hata aliyekaa nyuma kabisa aone. Huo mtulio mdogo ndio Lam aliouhamishia kwenye kamera.

Uone katika tukio la jeneza. Tajiri mmoja, Bwana Yam, anataka baba yake aliyezikwa miaka ishirini iliyopita afukuliwe na kuzikwa upya. Kaburi linapofunguliwa, maiti haijaoza. Kau anatambua kwamba aliyechagua namna ya kuzika alikuwa na kinyongo na marehemu, akaharibu maziko kwa makusudi. Jeneza linapelekwa kwake, naye anaandaa dawa: damu ya kuku inachanganywa na wino, wino unamiminwa kwenye kile chombo cha seremala cha kupigia mistari, chenye uzi unaopita ndani yake. Mafundi wetu wanaijua kazi hiyo. Unavuta uzi mpaka ukaze, unaubana kwa vidole viwili, unauinua, unauachia, na unapiga ubao ukiacha mstari ulionyooka. Lam anayafanya haya yote bila kuharakisha na bila kukonyeza mtazamaji. Uso wake ni wa mtu aliye kazini. Kisha anawaachia kazi wanafunzi wake wawili, Chau-sang na Man-choi, walioigizwa na Chin Siu-ho na Ricky Hui. Wanapiga uzi juu, wanapiga ubavuni, huku na huku. Chini ya jeneza wanasahau.

Maiti inatokea upande ule ule waliousahau, na wa kwanza kuuawa ni mwanawe mwenyewe, Bwana Yam.

Nimeitazama filamu hii mara nyingi, na kila mara jambo moja linazidi kunidhihirikia: kila balaa ndani yake limeletwa na kazi iliyolipuliwa. Kaburi lilichimbwa kwa kinyongo. Uzi haukupigwa chini. Kisha Man-choi anajeruhiwa na maiti, sumu inaanza kumpanda, na dawa yake ni mchele wa kunata unaonyonya sumu. Chau-sang anatumwa dukani, na muuzaji anamchanganyia mchele wa kawaida. Man-choi analazwa juu ya dawa iliyochakachuliwa, na anaendelea kugeuka. Mtoto kibandani anacheka. Mtu mzima aliyewahi kufungua katoni na kukuta mzigo wa juu ni mmoja na wa chini ni mwingine, anacheka pia, lakini anaelewa zaidi.

Ndiyo maana kichekesho kinasimama. Lam hachekeshi. Wanaochekesha ni wanafunzi wake, pamoja na Billy Lau, yule polisi mwoga, mpwa wa tajiri. Chau-sang anapoufunga mwili wa polisi kwa uchawi, kila anachofanya yeye, polisi analazimika kukifanya mbele za watu, hadi kujipiga makofi. Vichekesho vya namna hiyo vinahitaji waigizaji wawili wapatane hadi kwenye sehemu ya sekunde, maana mkono mmoja ukichelewa, uchawi unakufa. Katikati ya purukushani yote Kau anabaki nguzo. Na filamu inapotaka kumcheka na yeye, inafanya kwa staha. Anaalikwa na tajiri kwenye mgahawa wa Kizungu, analetewa kahawa na maziwa kila kimoja chombo chake, naye hajui vinanywewaje. Anakunywa kahawa chungu kwanza, kisha maziwa. Yeyote aliyewahi kuketi mezani ugenini akisubiri kuona wenzake wanaanza vipi anaijua hofu iliyo machoni mwa Lam pale. Mtu anayewaamrisha wafu ameshindwa na kikombe.

Tusimsahau aliyekuwa ndani ya vazi la maiti. Ni Yuen Wah, aliyewahi kumbadili Bruce Lee kwenye michezo ya sarakasi. Kuruka kwa geongsi kunaonekana rahisi, na watoto wote tulijaribu. Tulichoka baada ya mruko wa nane. Miguu lazima ibaki pamoja, mikono imenyooka mbele, kichwa hakitikisiki, na uso haupaswi kuonyesha kwamba mwili unajituma. Joho refu la enzi ya Qing linamsaidia kwa kuficha magoti, hivyo mtazamaji haoni nguvu inatoka wapi. Anachoona ni maiti iliyosogea.

Filamu ilizaa nyingine. Mwaka 1986 walizihamishia hadithi kwenye zama za sasa, wakaleta familia nzima ya maiti. Mwaka 1987 na 1988 zikafuata mbili, na hiyo ya 1988 haikuwa na Lam. Kisha mwaka 1992 Ricky Lau akarudi mwanzo. Katika Mr. Vampire 1992 wapo tena Lam, Chin Siu-ho na Ricky Hui, mwalimu na wanafunzi wake wawili, safari hii wakikabili roho ya kichanga inayotafuta kuzaliwa kupitia mke wa jenerali. Wanafunzi wameshakomaa usoni, lakini bado wanaharibu na mwalimu bado anarekebisha. Ile ya kwanza inaishinda, na nasema hivyo huku nikiipenda. Ila unaposikia sauti ya Kau akiwakemea wale wawili, unajisikia umeingia nyumba ya utotoni na kukuta viti havijahamishwa.

Lam alifariki tarehe 8 Novemba 1997, akiwa na miaka 44. Ricky Hui alifariki tarehe 8 Novemba 2011. Mwaka 2013 kijana Juno Mak akatengeneza Rigor Mortis kwa ajili ya kuwaenzi hao wawili. Chin Siu-ho anaigiza mwigizaji aliyesahaulika, aliyewahi kutamba kwenye filamu za geongsi, anayehamia chumba kimoja katika jengo la nyumba za umma akiwa na nia ya kujiua. Jirani yake ni Anthony Chan, ambaye mwaka 1985 alikuwa kuhani mwenye miwani aliyesafirisha maiti. Sasa ni mzee anayepika mchele wa kunata na kuwauzia watu chakula. Mwalimu amekufa, wachawi na maiti wamepungua kazi, na ile dawa imebaki kuwa mlo wa jioni. Nikiuona mvuke wa mchele kwenye masoko ya hapa, humkumbuka mzee yule.

Kicheko kimeondolewa katika filamu hiyo. Mahali pake kuna mama mzee, aliyeigizwa na Paw Hee-ching, anayeshindwa kumzika mumewe na kukubali uchawi ili asiachwe peke yake. Wapo waliokosa vichekesho vyao, na mimi ni mmojawapo. Lakini Juno Mak hakulipua kazi. Uzi umo, mchele umo, na wazee wamepewa nafasi za kuigiza kwa uzito. Kara Hui alipata tuzo ya Hong Kong ya mwigizaji msaidizi bora wa kike kwa filamu hiyo. Mak alielewa kwamba mtu hawezi kumrudisha Lam, lakini anaweza kufanya kazi kwa namna ambayo Lam asingeona haya kuitazama.

Guangzhou inazielewa filamu hizi bila mkalimani, kwa kuwa Kikantoni ni lugha ya hapa. Katika miaka ya 1980 familia nyingi za mkoa huu zilisimamisha antena zenye umbo la mfupa wa samaki juu ya mapaa ili kunasa televisheni ya Hong Kong. Na katika mji huu huu, chini ya kilima cha Yuexiu, si mbali na Xiaobei wanakofikia wafanyabiashara wengi kutoka Afrika, lipo hekalu la Utao la Sanyuan. Unapanda ngazi, unakuta makuhani wenye nywele zilizofungwa kishungi utosini, na moshi wa ubani. Hawawindi maiti. Wanafanya ibada yao taratibu, kila kitu mahali pake, na nikiwatazama naiona kazi aliyokuwa akiiheshimu Lam.

Nawaambia watengeneza filamu wetu: sisi tuna misukule, tuna majini, tuna popobawa, na tunajua kuchekesha. Msianze na nywele bandia na kelele. Anzeni na mganga anayeijua kazi yake, mpeni vifaa vya kweli, mwacheni afanye pole pole mpaka mtazamaji aamini. Kicheko kitakuja chenyewe wanafunzi wake watakaposahau upande mmoja.

Na wewe msomaji, ukiipata ile ya 1985, maiti waache kwanza. Utazame mkono wa Lam unapouvuta uzi.