Kumpisha Ambaye Hajafika

Mabati hulia usiku. Mgeni wa Mwanza anaweza kudhani ni paka, au watoto wanarusha vijiwe, kumbe ni paa linapoa. Jua limelipasha mchana kutwa, bati likatanuka. Sasa linajikunyata na kila msumari unasema lake. Tak. Kimya. Tak-tak. Mwenye usingizi hasikii. Mwenye maiki husikia kila mmoja, ndiyo maana sianzi kurekodi kabla ya saa tano usiku, paa likishamaliza mazungumzo yake.

Naishi Kirumba, upande wa kuteremkia ziwani. Chumba kina meza, gitaa kavu moja, gitaa la umeme la mtumba, kompyuta iliyozeeka na kisanduku kidogo cha kuingizia sauti chenye matundu mawili. Godoro la wageni nalisimamisha nyuma yangu, blanketi mbili natundika kwenye kamba ya nguo, na maiki naielekeza pale shingo ya gitaa inapokutana na tumbo, umbali wa shibiri moja na nusu. Ukiielekeza kwenye tundu lenyewe utapata ngurumo tu, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Hilo nililigundua baada ya miezi, na sioni haya kulisema.

Kalenda yangu nimeiazima kwa wavuvi wa dagaa. Usiku wa giza wanatoka na taa zao, na ukitazama kutoka mlimani ziwa linakuwa mji wa pili, unaong'aa kuliko huu wetu. Injini zao zinavuma hadi alfajiri, na mvumo huo hakuna blanketi linaloweza kuuzuia. Lakini mwezi ukipevuka taa haina kazi: dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga mdogo wakati ziwa zima linawaka. Mitumbwi inapumzika mwaloni, nyavu zinashonwa. Siku hizo nne tano ndizo zangu.

Nasifu kazi hii, lakini si kwa sababu ya mitambo. Mitambo imekuwa rahisi. Kijana mwenye simu ya kawaida leo ana uwezo wa kurekodi ambao bendi nzima ya zamani haikuuota. Ninachosifu ni jambo moja dogo ambalo kazi hii hukulazimisha kulifanya, upende usipende: unapiga ridhimu kwanza.

Aliyekulia kwenye muziki wa dansi anajua gitaa zetu zinavyokaa. Kuna solo, ambaye ndiye bwana harusi. Kuna ridhimu, kuna besi, na bendi zenye uwezo zina solo la pili, linaloongea katikati ya wawili hao. Ukirekodi peke yako nyumbani, hao wote ni wewe, lakini hawaji pamoja. Anaanza yule ambaye hakuna atakayemuulizia jina. Unakaa dakika nne unapiga chini ya solo ambalo halipo. Unamwachia nafasi mtu ambaye hajafika, na hujui atakuja na maneno gani.

Wimbo wangu wa kwanza niliujaza kama daladala ya Igoma saa kumi na mbili jioni. Kila mwanya niliuona nikautia kikorombwezo. Nikaja kuweka solo, sikupata pa kupita. Kila nilipofungua mdomo kulikuwa na mtu tayari anasema, hamezi hata mate, na mtu huyo nilikuwa mimi wa dakika ishirini zilizopita. Sijawahi kukutana na nafsi yangu waziwazi namna ile, hata kanisani. Nikafuta yote. Kuanzia hapo nilianza kuzisikiliza zilipendwa upya, solo nikiliacha liende zake na sikio likimfuata yule wa nyuma anayerudia kitu kilekile, vidole vinne, mabadiliko matatu, wimbo mzima. Nilikuwa nikidhani hajui zaidi. Alikuwa anajua, na alijizuia.

Wazee wale hawakuwa na anasa ya kukutana na nafsi zao kwa zamu. Katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam bendi ilisimama chumba kimoja, utepe ukazunguka, na mmoja akiteleza mwishoni kabisa, wote wanarudi mwanzo. Na gitaa zenyewe mara nyingi hazikuwa zao. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, pamoja na vyombo vyake. Mpigaji akihama bendi alihama na vidole vyake tu. Wakitaka sahani za santuri, safari ilikuwa ya Nairobi. Namkumbuka mpigaji wa namna hiyo kila ninaponung'unika kwamba kompyuta yangu inachemka.

Lakini mwalimu wangu hasa hakuwa na bendi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akikusanya muziki, alimrekodi kijana mmoja huko Jadotville, mji wa Katanga ambao leo unaitwa Likasi. Kijana huyo ni Mwenda Jean Bosco, na kipande chake kinachojulikana zaidi ni Masanga. Gitaa kavu moja, dole gumba na kidole cha shahada. Dole gumba linatembea chini kama besi, shahada inaimba juu, na katikati yao kunasikika mtu wa tatu ambaye ukihesabu vidole humwoni. Nyimbo zake nyingi zilikuwa za Kiswahili, Kiswahili cha kwao. Zilipofika huku kwetu zikawachanganya wapigaji wengi vichwa, maana kila mmoja alitafuta gitaa la pili liko wapi.

Nami nikaona nimepata ujanja. Kama vidole viwili vinanishinda kwa pamoja, si nitavirekodi mbalimbali? Usiku mmoja nikapiga sehemu ya dole gumba peke yake, safi kabisa. Nikarudi nikaweka ya shahada juu yake, safi pia. Nikazifungulia zote mbili. Hapakuwa na kosa lolote, na wimbo ulikuwa maiti. Nilihangaika mpaka jogoo wakaanza. Baadaye sana ndipo nilielewa: mkononi mwa Bosco dole gumba humsubiri shahada, kidogo mno, kiasi ambacho hata mwenyewe huenda hakukihesabu, na shahada naye akichelewa kupanda, gumba huvuta hatua. Vidole vyangu havikusubiriana kwa sababu havikuwahi kuwa chumba kimoja. Les Paul, Mmarekani aliyejirekodi gitaa juu ya gitaa kwenye gereji yake miaka ya 1940, nadhani alilijua tatizo hili kabla yetu sote. Yeye alikuwa na sahani za kukwaruza, kila kosa linakula sahani nzima. Mimi nina kitufe cha kufuta, na sina hakika kimenisaidia.

Kuna jambo la hesabu hapa ambalo hunifurahisha. Sauti inapoingia kwenye kompyuta inakatwakatwa vipande 44,100 kwa kila sekunde, kisha inarudishwa masikioni mwako imechelewa. Ikichelewa milisekunde 10, watu wanalalamika, wananunua kisanduku kipya. Lakini sauti hewani huenda takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita tatu na nusu kutoka kwa mwenzako. Hilo ni jukwaa la kawaida la dansi! Mpiga besi alikuwa akimsikia mpiga solo amechelewa hivyo kila Jumamosi, maisha yake yote, na watu wakacheza hadi viatu vikaisha. Kuchelewa kwenyewe hakuna ubaya, mradi kuwe kwa mtu ambaye umemsikia.

Ndipo nikaanza kupeleka nyimbo zangu mtandaoni kwa namna isiyo ya kawaida. Mwanzoni nilipandisha YouTube nyimbo zilizokamilika, nikawa naamka asubuhi kuangalia idadi kama mtu anayeangalia mtego wa panya. Arobaini na mmoja. Arobaini na mmoja. Arobaini na wawili, na huyo aliyeongezeka nilikuwa mimi kwenye simu ya shemeji. Halafu nikachoka, nikapandisha kuimba kwangu, ridhimu na besi tu, bila solo. Mizunguko minane ya sauti, kisha minane mitupu, basi. Niliona ni uvivu tu. Sikujua kama mtu atauelewa vingine.

Kwa wiki tatu hapakuwa na kitu. Kisha ukaja ujumbe kutoka Kisumu, kwa fundi wa majokofu ambaye sijawahi kumwona hadi leo: "Omera, solo iko wapi?" Omera kwao ni ndugu. Nikamjibu sijui, pengine iko kwako.

Ukitoka Mwanza ukafuata ufuko kwenda kaskazini, ukapita Musoma, unafika Shirati, kabla tu ya mpaka. Huko ndiko alikozaliwa mwaka 1940 Daniel Owino Misiani, yule aliyevuka kwenda Kenya na kuifanya Shirati Jazz kuwa jina la benga. Wakenya wanamhesabu wao, na wana haki, kwa sababu huko ndiko alikopigia na ndiko alikofia, Kisumu, mwaka 2006. Ila jina la bendi lilibaki la kijiji chetu. Benga haifanani na dansi letu. Sauti ikinyamaza tu, gitaa linaingia mbio, noti mojamoja, kama nyatiti ya Wajaluo yenye nyuzi nane iliyofungwa umeme, na besi haikai chini kwa adabu, inarukaruka. Mpiga benga humpisha mwimbaji kwa kumngoja pembeni, mguu mmoja tayari umeinuliwa.

Fundi wangu ni wa shule hiyo. Tulikubaliana tusitumiane sauti kwa WhatsApp kama ujumbe wa kawaida, maana inaminywa mpaka nyuzi za juu zinasikika kama mchanga. Tunatuma kama faili. Wimbo wa dakika tatu ambao haujaminywa ni zaidi ya megabaiti 30. Ukiufanya MP3 ya kawaida ni kama 3, na hapo bando linashukuru. Sisi hutuma ile nzito, mwisho wa mwezi, mishahara ikitoka.

Faili yake ya kwanza ilifika usiku wa Jumapili. Nikaiweka juu ya ridhimu yangu, nikavaa hedifoni, nikazima feni. Alikuwa nyuma ya mapigo yangu kwa unywele. Kidole kilinituma nimsogeze. Kwenye programu ni kazi ya sekunde mbili. Badala yake nikachukua gitaa, nikapiga ridhimu upya kutoka mwanzo, nikimfuata yeye, na ikabidi nichelewe hapa, nivute pale, kama gumba la Bosco. Ilipofika ile mizunguko minane mitupu, aliingia kwa kishindo cha benga, nikacheka peke yangu gizani.

Ila alipiga minne tu. Kisha akanyamaza kabisa, na ridhimu ikaendelea peke yake hadi mwisho. Nilidhani faili imekatika njiani. Nikamuuliza. Akasema haijakatika, hiyo minne ni yako.

Nimeisikiliza mara nyingi, sijaamua niweke nini. Leo mitumbwi imetoka, ziwa limejaa taa na injini zinavuma. Mwezi utapevuka wiki ijayo.