Uchangamano wa Molekuli: Neno na Kipimo

Katika maduka ya dawa ya Temeke na Kinondoni, mzazi wa mtoto mwenye malaria huuliza dawa ya mseto. Jina hili limekaa sawa, kwa kuwa kidonge kina molekuli za aina mbili: artemetheri na lumefantrini. Wanakemia hupenda kujua ipi imefumwa zaidi. Mtu angeweza kuliita jambo hilo utata, lakini utata ni hali ya kutoeleweka, na maumbo haya yaeleweka vizuri. Wasomaji wa jarida hili wanaijua sentensi changamano. Basi na tuseme uchangamano.

Sarufi yatufundisha pia kwamba urefu si uchangamano: sentensi sahili yaweza kuwa ndefu kupita changamano. Lumefantrini ina kaboni 30, artemetheri 16 tu. Mwaka 2009 Lovering, Bikker na Humblet walitoa kipimo chepesi: hesabu kaboni zilizoshikana na atomi nne, kisha gawanya kwa idadi ya kaboni zote. Lumefantrini yapata 10 kwa 30, yaani 0.33, artemetheri yapata 16 kwa 16, yaani 1. Ile ndogo ndiyo changamano zaidi, na hapo kipimo chastahili sifa.

Kasoro yake yaonekana jikoni. Dodekani, mojawapo ya molekuli za mafuta ya taa, ni mnyororo mtupu wa kaboni 12, nayo yapata 1 vilevile! Hapana budi kutazama zaidi. Kaboni 8 za artemetheri zina mpangilio wa kulia au wa kushoto, kama jozi ya kandambili. Lumefantrini inayo moja, dodekani haina. Watungaji wenyewe walizitazama kaboni za namna hiyo pia. Atakayeshika namba ya kwanza peke yake ndiye atakayepotea. Kipimo cha Böttcher cha mwaka 2016 chafaa zaidi, maana huipima kila atomi pamoja na jirani zake, tena hupunguza hesabu pale umbo linapojirudia.

Jambo hili si mchezo wa hesabu. Umbo la artemetheri ni gumu kulijenga tangu mwanzo, hivyo kwa kawaida hutengenezwa kwa artemisinini itokayo katika aina ya pakanga. Na uhaba wa malighafi hiyo mwaka 2004 ulipunguza upatikanaji wa dawa ya mseto duniani. Kwa hiyo twawashauri walimu wa kemia watenganishe maneno matatu: ukubwa, uchangamano, na ugumu wa kutengeneza.