Dume Huchaguliwa kwa Kuwatazama Majike

Anayeingia mnadani Kajiado kununua kondoo wa mbegu, macho yake huvutwa kwanza na dume wa Dorper: kichwa cheusi, shingo nene, mgongo mpana, mapaja yaliyojaa. Kuvutiwa ni haki yake, kwa sababu Dorper aliyetunzwa vizuri ni mnyama wa kupendeza kweli. Lakini dume hachaguliwi mnadani. Huchaguliwa nyumbani, zizini, kwa kuwatazama majike na kujiuliza wanapungukiwa na nini, na malisho uliyo nayo yanaweza kumlea mwana wa namna gani. Dume yule yule anaweza kuwa faida kwa jirani yako na hasara kwako, hata kama mmetenganishwa na ua wa miiba tu.

Majike wengi wa Kajiado, Narok na Laikipia leo ni machotara wa Dorper na kondoo mwekundu wa Kimaasai. Dorper aliundwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn wa Uingereza na Kichwa Cheusi wa Kiajemi, ambaye licha ya jina lake ni ndugu wa kondoo wa Wasomali. Kenya ilimleta kwa ajili ya nyama, na kuanzia katikati ya miaka ya 1970 madume wake wakasambazwa kwa wafugaji kwa mpango wa serikali. Chotara wa kwanza alikua haraka, akafika sokoni mapema, akaleta bei nzuri. Watu wakaona kwamba kama nusu imefaa hivi, robo tatu itafaa zaidi, wakaendelea kupandisha Dorper juu ya Dorper. Zizi baada ya zizi likabaki na kondoo wakubwa wanaokonda kiangazi na kufa masika.

Sababu zake ni mbili, na anayezielewa ameshamaliza nusu ya kazi ya kuchagua.

Ya kwanza ni nguvu ya uchotara. Jike aliyezaliwa na wazazi wa aina mbili zilizo mbali kidamu huwa na uzazi, maziwa na uvumilivu bora kuliko wastani wa wazazi wake. Mwanawe naye hupata nguvu hiyo, ila kiasi chake kinategemea dume. Ukimpandisha jike wa nusu kwa nusu na Dorper, au na dume mwekundu, mwana hupata nusu tu ya nguvu ile. Ukimpandisha na dume wa aina ya tatu, mwana huipata yote. Na ukichukua dume chotara kutoka zizi lile lile, nguvu inapungua kwa nusu hapo hapo, na kinachozaliwa hakitabiriki: mmoja mwekundu mwenye mkia mnono, mwingine mweupe mwenye kichwa cheusi, wa tatu mwenye mabaka ya sufu inayonasa miiba. Mfugaji anayebakiza dume chotara kwa sababu ni mnene anaona unene wa mmoja, hajaona wanawe.

Sababu ya pili ni minyoo, na hapa ndipo ningependa mnunuzi atumie muda wake mwingi. Mnyoo wa tumbo la nne anayeitwa Hemonkasi hunyonya damu, kiasi cha mililita 0.05 kwa siku kila mmoja. Ni tone dogo mno. Lakini kondoo mwenye minyoo 5,000 anapoteza robo lita ya damu kila siku, na idadi hiyo si ya ajabu baada ya mvua. Kondoo mwekundu wa Kimaasai amekaa na mnyoo huyu kwa vizazi vingi na mwili wake unajua kumzuia. Mayai yanayopatikana katika kinyesi chake ni machache na damu yake haishuki upesi. Dorper hana kinga ya kiwango hicho. Utafiti wa miaka ya 1990 huko Diani, pwani ya kusini ya Kenya, uliwaweka wote wawili katika malisho yenye joto na unyevu: wanakondoo wa Dorper walikufa kwa wingi, na kundi la wekundu likazalisha mara kadhaa zaidi, ingawa kondoo mmoja mmoja alikuwa mdogo. Kwenye nyika kavu tofauti hiyo hupungua, na pale Dorper mwenye malisho anaweza kujitetea.

Kwa hiyo anza na majike wako. Wakusanye asubuhi kabla hawajatoka, wiki tatu au nne baada ya mvua kukolea, wakiwa hawajapewa dawa karibuni. Mshike mmoja mmoja. Kidole gumba kimoja kibonyeze kope la juu taratibu juu ya jicho, kingine kivute kope la chini, na utando wa ndani utajitokeza wenyewe. Utazame mahali penye mwanga wa jua, usikawie, kwa sababu ukiuacha wazi unazidi kuwa mwekundu na kukudanganya. Wenye kadi ya FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini, hulinganisha rangi hiyo na daraja tano: 1 ni nyekundu ya damu, 5 ni nyeupe kama karatasi. Asiye na kadi ajizoeze kutofautisha nyekundu, waridi na nyeupe. Upungufu wa damu una visababishi vingine, kwa hiyo wakiwa wengi weupe ni vyema daktari wa mifugo apime kinyesi. Lakini ukishalipitia kundi zima utajua jambo ambalo hakuna muuzaji anayeweza kukuambia: kama majike wako bado wana kinga ya mama zao wekundu au imeshayeyuka.

Majike wengi wakiwa na macho mekundu lakini wana kiuno chembamba na wana wao wanachelewa kufika kilo 30, wanahitaji Dorper. Wengi wakiwa weupe, au ukiwa unanunua dawa ya minyoo kila mwezi na bado unazika, wanahitaji dume mwekundu, hata kama majirani watauliza kwa nini unarudi nyuma. Maoni yangu kwa mwenye majike 30 hadi 40, ambaye hawezi kulisha madume wawili, ni kupokezana: miaka miwili dume wa Dorper, miaka miwili dume mwekundu, kila kizazi cha mabinti kikipandishwa na dume wa aina isiyokuwa ya baba yao. Kwa utaratibu huo nguvu ya uchotara hutulia karibu na theluthi mbili ya ile ya kizazi cha kwanza, na haishuki tena. Vilevile unaepuka kosa la kuzoeleka la baba kuwapanda binti zake, maana dume anaondoka kabla hawajapevuka au wanatengwa naye. Mwenye kundi kubwa na alitenge: majike bora, wenye macho mekundu na rekodi ya kulea vizuri, wapewe dume mwekundu wamzalie mitamba ya kubaki, waliobaki wapewe Dorper, na wana wao wote, dume kwa jike, waende machinjioni.

Dume mwekundu asili amekuwa adimu, na ugumu wa kumpata usikufanye uchukue yeyote mwenye rangi nyekundu. Wekundu wengi mnadani wana damu ya Dorper, na damu hiyo huonekana mkiani: mwekundu asili ana mkia mnene wa mafuta unaoanza mpana na kuishia na ncha nyembamba, na manyoya mafupi yasiyo na sufu. Mkia ukiwa mwembamba toka shinani, uliza maswali. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, imekuwa ikitunza kundi lao katika ranchi ya Kapiti, kaunti ya Machakos, na wako wafugaji wachache Wamaasai waliokataa kuwachanganya, wengi wao kwa sababu za nyumbani: mafuta ya mkia huo ndiyo yanayotakiwa kwa mama aliyejifungua na kwa sherehe. Mzee anayefuga kwa sababu hiyo ana rekodi nyingi kichwani kuliko daftari lolote. Mwulize mama wa dume alizaa mara ngapi na wangapi walikua.

Kwa Dorper, kosa liko kichwani. Weusi wa kichwa hauthibitishi chochote, kwa sababu kondoo wa Wasomali naye ana kichwa cheusi. Zunguka umtazame kwa nyuma. Dorper ana nyama mapajani hadi chini karibu na goti. Wa Kisomali ana bonge la mafuta juu ya makalio na mapaja membamba. Anayedai kuuza Dorper asili awe na cheti cha Kenya Stud Book, na ukikagua cheti, kagua pia kama namba yake ndiyo iliyo sikioni.

Aina ya tatu niitaje kwa ufupi. Dume wa Kisomali mwenye kichwa cheusi anafaa nyika kavu kabisa, na kwa anayeuza wakati wa Idd ana soko lake. Huyo ndiye kondoo anayesafirishwa kwa meli kutoka Berbera kwenda Saudi Arabia kwa msimu wa Hija. Hampshire Down ni wa nyanda za juu, Nyandarua au Molo, penye nyasi za kutosha. Usimpeleke kwa majike wadogo wa nyikani, wala usimpe mtamba anayezaa kwa mara ya kwanza dume yeyote mwenye kichwa kikubwa na mabega mapana: mwana atakwama.

Ukishajua aina, sasa mchague dume wako miongoni mwao. Kaa mbali kwanza, umwache atembee. Katika nchi ambako maji yako mbali na malisho, miguu ni uhai wake. Hatua ya nyuma ikanyage karibu na ilipokanyaga ya mbele, magoti yasigusane, na vifundo juu ya kwato visilale chini. Kisha mshike umfungue mdomo. Meno ya chini yakutane sawasawa na ufizi mgumu wa juu. Taya lililopitiliza mbele au lililorudi nyuma hurithiwa na wana. Meno mawili makubwa ya kudumu yanakuambia ana kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu, manne ni karibu miaka miwili. Umri huo ndio mzuri kununua. Kope zake zitazame kama ulivyotazama za majike, na uulize alipewa dawa ya minyoo lini, kwa sababu aliyepewa wiki iliyopita hajathibitisha kitu. Ningemchukua mwenye macho ya waridi ambaye hajaguswa na dawa miezi mitatu, nikamwacha mwenye macho mekundu aliyeandaliwa kwa ajili ya mnada.

Mgongo upimwe kwa mkono, si kwa jicho, kwa sababu manyoya na mafuta huficha. Weka kiganja nyuma ya ubavu wa mwisho: ncha za uti wa mgongo uzisikie zimezungukwa na nyama, zisichome, lakini pia zisipotee kabisa. Dume mnene kupita kiasi huchoka kupanda na joto humharibia mbegu.

Wanunuzi wengi huona haya kushika korodani, na hapo ndipo hasara kubwa hujificha. Simama nyuma yake, zishike zote mbili kwa mkono uliotulia. Ziwe sawa kwa ukubwa, zinateleza huru ndani ya mfuko, ngumu kiasi kama msuli uliokazwa. Chini ya kila moja kuna kifundo ambamo mbegu huhifadhiwa. Kikiwa kimevimba, kigumu kama jiwe, au cha upande mmoja kimezidi mwenzake, mwache, kwa sababu huenda ana ugonjwa wa brusela unaoziba njia ya mbegu. Kwa utepe wa fundi cherehani, mfuko wa Dorper aliyekomaa ufikie sentimita 32 au zaidi mahali palipo panene. Mwekundu ni mdogo wa mwili, mlinganishe na wekundu wenzake. Kipimo hicho kina faida nyingine: mabinti wa dume mwenye korodani kubwa hupevuka mapema.

Mnunue angalau miezi miwili kabla ya kumpandisha. Mbegu huchukua karibu wiki saba kutengenezwa, na homa au safari ndefu ya lori juani inaweza kumfanya tasa kwa muda wote huo ingawa anapanda kwa bidii. Mtenge wiki tatu, mpe dawa, mzoeze malisho. Mimba ni miezi mitano, kwa hiyo anayetaka wana wazaliwe mvua za vuli za Novemba ampandishe Juni, na anayetegemea masika ya Aprili amwachie majike Novemba.

Siku ya kumwachia, mpake kifuani udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, uurudie kila baada ya siku mbili tatu, ili kila jike anayepandwa abaki na alama mgongoni. Baada ya siku 17, ambazo ndizo mzunguko mmoja wa jike, badilisha rangi, tumia masizi. Wenye rangi nyekundu wakirudi kupata nyeusi, hawakushika. Sita au saba kati ya 30 ni kawaida. Wakifika nusu, mtoe dume huyo siku hiyo hiyo, mwite daktari wa mifugo, na uazime mwingine wa aina ile ile kabla mzunguko wa tatu haujapita.