Alihama, Aliuzwa au Alijiuza? Maoni Kuhusu Wasifu wa Stephen Cherono

Muhula huu tuliwapa wanafunzi wetu hapa Kanyosha zoezi la kuandika wasifu wa Stephen Cherono, Mkenya aliyezaliwa mwaka 1982 na kuwa bingwa wa dunia wa mbio za mita 3000 kuruka viunzi na maji, akiwakilisha Qatar kwa jina la Saif Saaeed Shaheen. Tuliposahihisha tuliona kwamba miaka na matokeo yalikuwa sahihi karibu katika kazi zote. Kasoro ilikuwa kwingine: mwanariadha alihukumiwa kabla ya kuelezwa, na kilichomhukumu ni vitenzi.

Tukumbushane matukio. Mbio hizi zina viunzi 28 na maji mara 7, na Wakenya wamezihesabu kama mali ya urithi: tangu Mexico 1968 hadi Rio 2016, katika kila Olimpiki waliyohudhuria, dhahabu ya wanaume ilikuwa yao. Cherono alizaliwa Keiyo katika familia ya wakimbiaji. Kaka yake, Christopher Kosgei, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1999. Mwaka 2002 Cherono alishinda mbio hizi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Manchester, akiwa na jezi ya Kenya. Mwaka 2003, muda mfupi kabla ya Mashindano ya Dunia ya Paris, akawa raia wa Qatar. Habari za wakati ule zilitaja malipo ya dola 1000 kila mwezi kwa maisha yake yote. Alishinda Paris kwa muda wa dakika 8:04.39, akimtangulia Mkenya Ezekiel Kemboi kwa chini ya sekunde moja, na mwaka 2005 akashinda tena mjini Helsinki.

Sasa tutazame vitenzi. Kazi nyingi zilisema "alinunuliwa", nyingine "aliuzwa", chache "alijiuza". Wanafunzi hawakuvibuni vitenzi hivi. Wamevisikia redioni na vijiweni. Lakini kila kimoja kina madai yake. Anayeuzwa ana muuzaji, na hakuna kazi hata moja iliyomtaja muuzaji huyo. "Alijiuza" humfanya mtu mmoja kuwa mfanyabiashara na bidhaa kwa wakati mmoja, na kila msemaji wa Kiswahili anajua aibu inayobebwa na neno hilo mitaani. Klabu ya mpira ikimnunua mchezaji tunashangilia. Nchi ikimchukua mkimbiaji, kitenzi kile kile kinageuka tusi.

Kwa wanafunzi wetu kuna mtego zaidi. Kirundi husema kugura kwa maana ya kununua, na kugurisha kwa maana ya kuuza. Tofauti ni kiambishi tu, ilhali Kiswahili kina vitenzi viwili vyenye mizizi tofauti. Ndiyo maana baadhi ya kazi zilianza na "alinunuliwa" zikamaliza na "aliuzwa", kana kwamba mwandishi hakubadilisha chochote. Amebadilisha mtuhumiwa.

Kosa kubwa zaidi linahusu Olimpiki ya Athens ya mwaka 2004. Karibu wote waliandika: "Shaheen hakushiriki." Sarufi haina kosa, lakini msomaji ataelewa kwamba hakutaka, au alikuwa mgonjwa. Ukweli ni kwamba Kamati ya Olimpiki ya Kenya ilikataa kutoa idhini iliyohitajika kwa mwanariadha aliyebadili uraia karibuni. Kwa hiyo alizuiwa, na aliyemzuia anajulikana. Tarehe 24 Agosti Wakenya Kemboi, Brimin Kipruto na Paul Kipsiele Koech walichukua medali zote tatu. Siku 10 baadaye, mjini Brussels, Shaheen alikimbia kwa dakika 7:53.63. Rekodi hiyo ya dunia ilidumu hadi Juni 2023, Lamecha Girma wa Ethiopia alipoivunja mjini Paris. Mwenye rekodi hakuwahi kukimbia katika Olimpiki hata mara moja. Tukiandika "hakushiriki" tunaufuta uamuzi uliokuwa mzito kuliko yote katika maisha yake ya riadha.

Suala la jina nalo liligawa darasa. Wapo waliokataa kabisa kuandika Shaheen, wakisema jina la kuzaliwa halinunuliki. Tunaelewa hisia hiyo. Cherono ni jina la Kikalenjini linalohusiana na jioni, saa ya mifugo kurudi nyumbani. Saif kwa Kiarabu ni upanga, na Shaheen ni ndege wa jamii ya kozi. Lakini katika fainali ile ya Paris alikuwepo pia ndugu yake, Abraham Cherono, akikimbia kwa ajili ya Kenya. Anayeandika "Cherono alishinda Paris" anampa mmoja ushindi wa mwingine. Ushauri wetu ni huu: kila tendo liandikwe kwa jina ambalo mtendaji alilibeba siku hiyo, na mabadiliko ya jina yaelezwe mara moja, waziwazi.

Mwisho, methali. Kazi kadhaa zilifungwa kwa "Mkataa kwao mtumwa", nyingine kwa "Mcheza kwao hutunzwa". Methali hizi ni hazina, lakini wasifu haufungwi kwa methali kama mlango unavyofungwa kwa komeo. Na ya pili yafaa iulizwe swali: je, alikuwa ametunzwa?

Hatusemi Kenya haikuwa na haki ya kuudhika. Kwa kanuni, ilikuwa na haki hata ya kukataa. Tunachosema ni kwamba msomaji apewe nafasi ya kupima haki za pande zote mbili. Jambo hili si la Wakenya peke yao. Thierry Ndikumwenayo, mzaliwa wa Burundi, amekimbia kwa ajili ya Hispania akibaki na jina lake la Kirundi, na kila mmoja wetu ana jamaa aliyevuka mpaka akachukua hati za nchi nyingine. Siku tutakapoandika wasifu wa jamaa huyo, tutachagua kitenzi gani? Zoezi hili tutalirudia muhula ujao, na tunawaomba walimu wenzetu walijaribu katika madarasa yao.