Ulikiachia Ukurasa wa Ngapi?

Karibu na steji ya matatu pale Tala kuna mama mmoja fundi cherehani ambaye rafu yake ya juu haina vitambaa. Chini zimening'inia sare za shule, suruali zinazongoja zipu na gauni la harusi ambalo mwenyewe bado hajalimalizia malipo. Juu kuna vitabu 30 hivi, vingi vya mtumba, migongo imekunjamana, na vyote ni vya ajabu: vya wachawi, vya sayari, vya nchi zisizokuwamo katika ramani yoyote. Haviuzi. Huviazimisha. Na jinsi anavyoviazimisha ndiyo ninayotaka kuisifu, kwa kuwa nimeishi na vitabu miaka mingi na sijaona kazi hiyo ikifanywa kwa ustadi kama ule.

Wengi wetu tukikipenda kitabu humsukumia mwenzetu tukisema ni kizuri, kisome. Mwenzetu hukipokea kwa adabu, hukiweka juu ya kabati, na mwaka hupita. Fundi huyu hasemi kitabu ni kizuri. Ukimwuliza, "Mama, unasoma nini siku hizi?" atakujibu, kisha naye atauliza: kitabu cha mwisho kilichokushinda ni kipi, na ulikiachia ukurasa wa ngapi? Niliona haya aliponiuliza mara ya kwanza. Nikataja riwaya moja nene yenye vizazi vinne vya wafalme, niliyoiacha ukurasa wa 60. Akataka kujua kilichonichosha, ni vita au ni majina. Majina, nikasema. Akapanda kigodani, akanishushia Ursula Le Guin.

Nilidhani amekosea. Mtu amekimbia majina, nawe unampa dunia ambayo nguvu zake zote zimo katika majina! Lakini A Wizard of Earthsea, kilichotoka mwaka 1968 na kufuatwa na vingine 5, hakirundiki majina. Ni dunia ya visiwa na mashua, ambamo kila kitu kina jina lake la kweli, na anayelijua jina hilo amekishika kitu chenyewe. Binadamu hulificha lake, akamwambia yule tu anayemwamini kwa roho yake. Msomaji wa Ukambani hahitaji kueleweshwa hilo mara mbili. Kwetu jina ni habari: Nduku alizaliwa usiku, Mueni alikuta wageni nyumbani, Wambua alikuja na mvua. Fundi alikuwa amesikia nisichokisema, kwamba yaliyonichosha ni majina yasiyobeba kitu.

Akishachagua, husimulia mlango tu wa kitabu. Mambo yakianza kuiva, hurudisha mguu kwenye kanyagio na mashine ikaanza kulia, nawe umebaki umesimama na swali mdomoni. Kero za kitabu, hata hivyo, huzitaja zote. Mfululizo ni ahadi ndefu. Kumpa mtu vitabu 3 ni kumwomba jioni zake za miezi kadhaa, na fundi haombi jioni za watu kwa ujanja. "Kurasa hizi 40 za mwanzo ni kupanda Kilimambogo," husema, akiuelekezea kidevu mlima wenyewe, mita 2,145 za msitu na nyati. "Vumilia. Ukifika juu utaiona Thika." Mtu aliyeonywa hivyo hupanda. Nimewaona waliopanda.

Mmoja wao ni mzee aliyekuwa afisa wa kilimo, sasa amestaafu, aliyeleta koti libadilishwe bitana na kutangaza kwamba hadithi za kubuni ni za watoto. Fundi hakubishana naye. Alimwuliza habari za matuta. Huwezi kumwuliza mtu wa rika lile habari za matuta ya fanya juu kisha ukafunga duka mapema. Miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliandika juu ya ardhi ya Machakos kana kwamba wanaandika tanzia. Watu wakachimba mitaro, wakatupa udongo upande wa juu, mtaro baada ya mtaro, hadi vilima vikavaa ngazi. Mzee alipomaliza, fundi akamwambia kuna mwandishi wa Marekani, N. K. Jemisin, aliyeandika juu ya nchi ambamo ardhi yenyewe imewakasirikia watu, na wapo wachache wanaoweza kuituliza kwa mikono mitupu, na hao ndio wanaochukiwa zaidi. Akamwonya kwamba sehemu ya kitabu inamwita msomaji "wewe", tangu mwanzo hadi mwisho, na inachukua muda kuizoea. Hakumtajia kwamba vitabu vitatu vya mfululizo huo vilishinda tuzo ya Hugo miaka 3 mfululizo, 2016 hadi 2018. Mzee hakuhitaji tuzo. Aliondoka na The Fifth Season ndani ya gazeti.

Wasichana wa kidato cha nne huwapa Binti ya Nnedi Okorafor, kitabu chembamba cha msichana Mhimba anayetoroka kwao usiku kwenda chuo kikuu katika sayari nyingine, udongo mwekundu wa nyumbani ukiwa bado umempaka ngozi. Hapo hatii neno. Jina la kitabu linatosha.

Na kwa Kiswahili? Hapa huketi wima zaidi. Kusadikika ya Shaaban Robert, nchi inayoelea hewani na kutuma wajumbe wake pande sita, ilitoka mwaka 1951, miaka 3 kabla kitabu cha kwanza cha The Lord of the Rings hakijachapishwa. Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995, humtia mtu aliyehukumiwa kifo ndani ya chombo cha angani na kumtua katika nchi ambayo fundi hukutaka ulitamke jina lake polepole, hadi maneno matatu yaliyomo yajitenge yenyewe. Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila humpa yule tu aliyekwisha kusoma viwili vya kwanza. Nilimwuliza kwa nini hivi visiwe na vya pili na vya tatu, tukakaa navyo miaka kama watu wanavyokaa na Earthsea. Akasema andika, mwalimu. Bado neno hilo linanichoma.

Nikimtazama namkumbuka susu, nyanya yangu. Naye alitazama nyuso zetu kabla ya kuanza. Aliyeogopa giza alipata sungura. Aliyejigamba mchana kutwa alipata aimu, mazimwi yale ambayo John Mbiti aliyakusanya katika kitabu chake cha hadithi za Wakamba mwaka 1966. Usiku ambao hatukuwa waoga wala wajigambaji alitusimulia Syokimau, nabii aliyeona nyoka mrefu anayetema moto akitambaa kutoka baharini, kabla hata reli haijaanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Leo jina lake ni kituo cha treni. Sijui riwaya ya kisayansi ingetaka ushahidi gani zaidi ili ihesabiwe mwenyeji hapa.

Wiki iliyopita mzee wa matuta alikirudisha kitabu. Hakuwa na koti la kushonwa. Alitaka cha pili, The Obelisk Gate, na rafu haikuwa nacho: fundi alipata cha kwanza na cha tatu kwenye vitabu vya inama jijini Nairobi, vile vinavyotandazwa kando ya barabara, cha kati akakikosa. Akakataa katakata kumpa cha tatu. Wote wawili wakanigeukia, maana Jumamosi huwa nina safari ya jijini.

Nilipanda matatu ya saa kumi na mbili asubuhi. Mzee alikuwa amenipigia simu mara mbili kabla hatujafika Ruai.