Mahututi na Fahamu: Istilahi Mbili za Tiba ya Ubongo

Tunakusudia hapa kuzipima istilahi mbili zitumikazo katika kuwahudumia watu walioumia au kuugua ubongo. Mfano wetu ni Mwanza, ambako Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, hupokea wagonjwa wa rufani kutoka Kanda ya Ziwa.

Ya kwanza ni "chumba cha wagonjwa mahututi". Katika mazoea ya wasemaji, mtu mahututi ni yule anayekaribia kukata roho. Lakini aliyepasuka fuvu katika ajali ya pikipiki huwekwa humo ili asaidiwe kupumua kwa mashine, kichwa chake kiinuliwe kidogo, na mboni zake zitazamwe mara kwa mara, kusudi ubongo usizidi kudhurika. Istilahi yaashiria kifo, ilhali kazi ni kukizuia. Jamaa waliovuka ziwa kutoka Ukerewe, wakiambiwa maneno hayo, waweza kuanza kulia msiba ambao haujafika. Ni kweli neno limezoeleka; hata hivyo, twaona jina "chumba cha uangalizi maalumu" lafaa zaidi, kwa kuwa lataja huduma wala halimhukumu mgonjwa.

Ya pili ni "kupoteza fahamu". Kitu kilichopotea hakipo. Lakini fahamu hupungua kwa ngazi. Mwaka 1974 madaktari Teasdale na Jennett wa Glasgow walitoa kipimo chenye sehemu tatu: kufumbua macho, kusema, na kujongeza viungo. Siku hizi jumla yake huanzia alama 3 hadi 15, na aliyeumia kichwa akipata 8 au pungufu huhesabiwa kuwa ameumia vibaya. Msemo wetu humchanganya aliyezimia kidogo na asiyeamka kabisa. Twapendekeza "kiwango cha fahamu" na "kupungukiwa fahamu".

Hapa pana jambo zito zaidi. Sehemu ya kusema humtaka mgonjwa ajibu yuko wapi, na mwezi huu ni upi. Bibi aliyezoea Kikerewe au Kisukuma akiulizwa kwa Kiswahili akanyamaza, kimya chake chaweza kuandikwa kuwa dalili ya ubongo. Kwa hiyo fasiri ya kipimo hiki haijakamilika mpaka muuguzi ajue atauliza kwa lugha gani.

Tunayaweka mapendekezo haya mbele ya wasomaji, hasa wauguzi, wayapime kabla hayajasanifiwa.