Njia ya Moshi

Barabara inayotoka Muhutwe kwenda Kamachumu huanza kwa upole, kisha inaushika mlima. Hapo ndipo gari la mjomba lilipokuwa likiishiwa pumzi. Ni Toyota Celica ya 1984, milango miwili, nyekundu pale ambapo jua halijaifikia rangi. Mwaka huohuo Björn Waldegård alishinda Safari Rally kwa Celica. Juha Kankkunen akashinda 1985, na Waldegård akarudi kushinda tena 1986. Mjomba alizifuata mbio hizo redioni, na tangu siku hizo hakutamani gari jingine. Alilipata miaka ya tisini, mtumba kutoka Japani. Sasa gari hilo la mbio lilikuwa linapanda kwa gia ya kwanza, likipitwa na Hiace zilizobeba mikungu ya ndizi juu.

Gereji ya kwanza ilibadilisha plagi, ikabadilisha na pampu ya mafuta. Hela ikaenda, mlima ukabaki palepale. Gereji ya pili ililipata tatizo, lakini dawa yake ilikuwa nondo: masega yameziba, tuyatoboe, gari litapaa.

Fundi wa tatu tulimpata Bukoba mjini, kwenye kibanda cha mabati. Alilegeza nati za kiungo cha mbele cha bomba la moshi, akawasha injini. Makelele yalijaa uwanja mzima, lakini injini ilichangamka kama mtu aliyefunguliwa tai shingoni. Akazima. "Mzee, hili limekabwa koo," akamwambia mjomba.

Masega ndilo jina la mafundi, na ni jina la haki. Ndani ya kile kidude cha bati chini ya sakafu ya gari mna kauri yenye vijitundu vingi vyembamba, sega kabisa, na kuta zake zimepakwa madini ya thamani: platinamu, paladiamu, rodiamu. Moshi ukipita humo, na masega yakiwa yameshapata moto, petroli iliyoponyoka bila kuungua humalizikia humo, na kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, hugeuka kaboni dioksidi. Celica hii ilifika nchini wakati vituo vyetu vikiuza petroli yenye risasi; nchi za Kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006. Risasi huyafunika yale madini, nayo yakishafunikwa hayafanyi kazi tena. Kwa hiyo masega ya mjomba yalikufa miaka mingi nyuma. Baadaye kauri ikavunjika, vipande vikaziba njia.

Kutoboa kungemaliza habari siku ileile, na mjomba alishaanza kuelekea huko. Fundi alikataa. "Wewe unakaa mbele, mzee. Moshi anaula aliye nyuma yako." Ni maneno machache, na kwangu ndiyo yaliyomtenga na wale wawili. Wenzake wote wanajua kuongeza nguvu ya gari. Yeye alikuwa anamfikiria mwenye bodaboda ambaye hatamjua kamwe.

Masega mapya yalikuja kwa basi kutoka Kampala, kupitia Mutukula. Yalikuwa mafupi kuliko ya zamani, hivyo ilibidi kipande kizima cha bomba kitengenezwe upya. Alijilaza chini ya gari na waya mnene, akaukunja polepole kufuata njia ambayo bomba lingepita, akautoa nje kama anavyotoa vipimo fundi cherehani. Kisha akaleta ndoo ya mchanga wa ziwani. Akaukaanga juu ya bati mpaka ukawa mkavu kabisa, maana mchanga mbichi ukifungiwa ndani ya chuma cha moto hutoa mvuke unaoweza kulipuka. Akaujaza kwenye bomba, akiligonga ubavuni ili ushuke na kushikamana, akaziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mti. Bomba tupu ukilipinda hubonyea. Lililoshiba mchanga hugeuka likabaki duara. Alipolipasha moto wa gesi likawa na wekundu wa embe lililoiva, alilivuta kidogo, akalilinganisha na waya, akalivuta tena. Kijana wake alikuwa anashika ncha ya pili bila kuambiwa kitu.

Jioni tuliondoka kulijaribu. Kusini mwa Bukoba unapita Kemondo, ambako wanaakiolojia Peter Schmidt na wenzake walichimbua tanuri za chuma za zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Katika miaka ya sabini wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanakumbuka kazi hiyo waliwaonyesha tanuri ilivyojengwa. Mirija ya udongo iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, na kwa maelezo ya Schmidt, hewa ya mivukuto ilipata joto kabla ya kuukuta mkaa. Nilimtazama fundi aliyekaa kiti cha mbele, masizi kwenye kucha. Ardhi hii ina desturi ndefu ya watu wanaojua hewa ipite wapi ili moto ufanye kazi yake.

Kamachumu tuliipanda kwa gia ya tatu. Mjomba hakusema neno. Aliimba kidogo, kwa sauti ya chini.

Juu kabisa fundi aliomba tusimame. Alichungulia kila kiungo akitafuta weusi wa masizi, alama ya moshi unaovuja. Hakuuona, lakini hakuridhika: gasketi ikishapata moto mara ya kwanza hulala, na nati hulegea. Chuma kilibidi kipoe. Tukakaa ukingoni mwa barabara, mjomba akagawa buni za kutafuna alizozifunga kwenye karatasi, ziwa likianza kuingia giza huko chini. Baada ya nusu saa fundi aligusa bomba kwa mgongo wa mkono, akaingia chini ya gari na spana. Nati ya kwanza ilikubali robo mzunguko. Ya pili ikakubali kidogo zaidi.